H. G. Wells na Vita vya Sakafuni

Wanafunzi wengi wa shule hii wamepata kusikia jina la H. G. Wells, kwa kuwa vitabu vyake vimo maktabani, navyo vimechakaa kwa kusomwa. Huyu ndiye Mwingereza aliyetunga hadithi ya mashine ya kusafiri katika wakati, na ya mtu asiyeonekana kwa macho, na ya viumbe wa Mirihi walioshuka duniani kupigana na wanadamu. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba bwana huyo huyo aliandika pia kitabu kidogo cha kufundisha namna ya kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni, na ya kwamba mchezo wa vifaru tunaoucheza baadhi yetu Jumamosi alasiri katika chumba cha jiografia asili yake ni kitabu hicho. Kwa kuwa wengi wameuliza mchezo wenyewe ni nini, na wengine wamenung'unika kwamba haufai, nimeona heri niandike habari za maisha yake. Nitakaa zaidi pale panapohusu vita, vikubwa na vidogo. Mengine nitayapita upesi.

Herbert George Wells alizaliwa mjini Bromley, katika jimbo la Kent, tarehe 21 Septemba 1866. Baba yake, Joseph, alikuwa na duka la vyombo vya udongo na vifaa vya kriketi, lakini wanunuzi walikuwa haba. Riziki ya nyumba ilitoka zaidi katika kriketi yenyewe, maana mzee huyo alikuwa mrusha mpira hodari aliyelipwa kwa kucheza. Mwaka wa 1862, akiichezea Kent, aliwatoa watu wanne kwa mipira minne mfululizo, jambo ambalo wachezaji wetu wa hapa wangelipenda kulijaribu. Mama yake, Sarah, alikuwa amepata kutumika katika jumba la matajiri liitwalo Uppark kabla ya kuolewa.

Mwaka wa 1874 mtoto alivunjika mguu, akalazwa kitandani kwa majuma mengi. Baba akawa anamletea vitabu, naye akavisoma vyote. Baadaye mwenyewe alihesabu ajali hiyo kuwa bahati njema. Miaka mitatu ikapita, na safari hii baba ndiye aliyevunjika mguu. Kriketi ikaisha, na fedha za kriketi zikaisha pamoja nayo. Mwaka wa 1880 mama akarudi Uppark kuwa msimamizi wa watumishi, na kijana akapelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la nguo. La kwanza walimwona hafai, wakamwachisha. La pili, lililokuwa Southsea, alikaa kama miaka miwili, akikunja vitambaa tangu asubuhi hata usiku, akilala katika bweni pamoja na wanagenzi wengine, na kuichukia kila saa ya kazi hiyo. Siku moja ya Jumapili alitoka kwa miguu, akatembea maili kumi na zaidi hata Uppark, akamwambia mama yake kwamba harudi tena. Mwishowe wakakubali kumwacha aende Midhurst awe mwalimu msaidizi katika shule ya huko, akifundisha wadogo mchana na kusoma mwenyewe usiku.

Alisoma kwa bidii kubwa hata mwaka wa 1884 akapata msaada wa serikali kwenda kusomea sayansi London, katika chuo cha South Kensington. Posho yake ilikuwa gini moja kwa juma, nayo haikutosha chakula, alikonda sana. Mwalimu wake wa mwaka wa kwanza alikuwa Thomas Henry Huxley, mtaalamu mkubwa wa elimu ya viumbe. Mwaka wa kwanza alifanya vizuri, wa pili hivi hivi, na mwaka wa 1887 akaanguka mtihani wa elimu ya miamba, akatoka chuoni bila shahada. Akaenda kufundisha shule moja huko Wales. Katika mchezo wa mpira akapigwa teke la figo, akaugua vibaya. Ndugu zangu mnaongoja matokeo ya mitihani, mtu huyo alipata shahada yake mwaka wa 1890, kwa kusoma mwenyewe na kufanya mtihani wa Chuo Kikuu cha London kutoka nje.

Juu ya ndoa zake sitasema mengi, maana si mfano wa kufuata. Alimwoa binamu yake mwaka wa 1891, wakaachana, na mwaka wa 1895 akamwoa Amy Catherine Robbins, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwaka huo huo kikatoka kitabu cha mashine ya wakati, na katika miaka mitatu iliyofuata vikafuata vingine vilivyomfanya ajulikane dunia nzima. Wakahamia Sandgate, kando ya bahari, wakajenga nyumba. Huko wakazaliwa watoto wawili wa kiume, George Philip mwaka wa 1901 na Frank mwaka wa 1903.

Sasa nimefika mahali ninapotaka kukaa. Katika mwezi wa Desemba 1903 gazeti moja la London lilichapisha hadithi fupi ya Wells juu ya meli za chuma ziendazo nchi kavu. Majeshi mawili yamekaa katika mahandaki, hakuna awezaye kumsogelea mwenziwe. Upande mmoja ni watu wa mashamba, wapanda farasi, wenye shabaha kali, wanaojisifu ushujaa wao. Upande wa pili ni watu wa mjini, makarani na mafundi, ambao wale wa kwanza wanawadharau. Usiku mmoja yanatoka gizani madude ya chuma, kila moja lapata urefu wa futi mia, yanavuka mahandaki kwa magurudumu yenye nyayo kama za mguu. Ndani yake wamekaa vijana wa mjini, kila mmoja katika kijumba chake, wakilenga shabaha kwa utulivu kama mtu ajazaye daftari la hesabu. Kufikia asubuhi jeshi la mashujaa limekwisha.

Wells hakudai kuwa amevumbua kila kitu peke yake. Magurudumu yale ya nyayo alimpa sifa zake fundi wa kweli, Bwana Diplock, na akamtaja kwa jina ndani ya hadithi. Lakini wazo la kuyaweka pamoja bunduki, bamba la chuma, injini na handaki la adui, hilo alilitoa miaka kumi na mitatu kabla ya vifaru vya kwanza kuonekana vitani. Winston Churchill, ambaye mwezi wa Februari 1915 alianzisha kamati ya kutengeneza meli za nchi kavu, alikuwa msomaji wa Wells, na baada ya vita aliitaja kazi yake mbele ya tume iliyouliza ni nani aliyevumbua. Waingereza waliviita vyombo hivyo matangi, ili kuficha siri. Wafanya kazi waambiwe ni matangi ya maji. Sisi watu wa Kiswahili tuliviona vilivyo, tukaviita vifaru. Nadhani jina letu ni bora.

Basi, kati ya hadithi ile na vita vyenyewe ndipo ulipoingia mchezo. Desturi ya kupiganisha askari mezani haikuanza kwa Wells. Maofisa wa Prussia walikuwa na mchezo wao tangu mwaka wa 1824, wenye ramani na vipande vidogo, nao waliutumia kufundishia. Hata mwandishi Robert Louis Stevenson, alipokuwa akiuguza kifua huko Davos katika Uswisi, alipigana vita vya askari wa risasi sakafuni na mtoto wake wa kambo. Lakini mchezo wa Prussia ulikuwa mgumu, wa wenye elimu ya jeshi, na wa Stevenson ulibaki ndani ya nyumba yake. Wells ndiye aliyeandika sheria fupi ambazo mtu ye yote angeweza kuzifuata.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa 1893 kampuni ya William Britain ya London ilipata njia ya kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani, na kwa hiyo bei ikashuka; watoto wengi wakaweza kuwa na jeshi. Tena kampuni hiyo iliuza mzinga mdogo wa kamani, unaorusha kijiti cha mti kama urefu wa inchi moja, wenye shabaha nzuri ajabu. Siku moja baada ya chakula cha mchana huko Sandgate rafiki mmoja wa Wells aliukuta mzinga wa watoto, akaanza kulenga askari sakafuni. Wells naye akashika mwingine. Wakaendelea. Baadaye wakaona kwamba kuangusha tu hakutoshi, lazima askari wasogee. Na wakisogea lazima pawe na kipimo. Na palipo kipimo huzuka ubishi, kwa hiyo lazima sheria.

Kitabu cha kwanza, juu ya michezo ya sakafuni ya watoto wake, kilitoka mwaka wa 1911. Cha pili, kile cha vita vidogo, kilitoka mwaka wa 1913, na juu ya jalada lake alisema kwamba mchezo ni wa wavulana tangu umri wa miaka 12 hata 150. Sheria zake zaweza kuandikwa katika kurasa chache. Askari wa miguu huenda futi moja kwa zamu, wa farasi futi mbili. Mzinga hauwezi kupiga wala kusogea ila wawepo watu wanne karibu nao, ndani ya inchi sita, na ukiwa nao waweza kurusha vijiti vinne kwa zamu. Aangukaye amekufa. Wakikutana uso kwa uso huuana mmoja kwa mmoja, na wachache waliotengwa na wenzao huweza kutekwa. Saa huwekwa mezani: dakika moja kwa kila askari 30 na dakika moja kwa kila mzinga. Dakika zikiisha mkono mbali, hata kama jeshi lako la kushoto bado limelala. Kabla ya kuanza pazia hutundikwa katikati ya chumba, kila jemadari apange watu wake asionwe. Nyumba ni vipande vya mbao. Msitu ni vitawi vya miti vilivyochomekwa.

Msomaji anayejua bao, au omweso wetu wa huku Uganda, ataona tofauti mara moja. Katika bao kila kitu ki wazi mbele ya macho. Ukishindwa, umeshindwa na akili ya mwenzio. Katika mchezo wa Wells huoni nyuma ya pazia, saa inakukimbiza, na mzinga wako unakosa shabaha pale unapouhitaji sana. Ndiyo maana Wells alisema mchezo wake unafundisha jambo moja kuhusu vita vikubwa, nalo ni jinsi vinavyoendeshwa kwa kubahatisha na kwa makosa. Aliwaona maofisa wa kweli waliokuja kucheza wakipotewa na akili sakafuni. Alieleza pigano moja la shamba la Hook kwa sauti ya jemadari mwenye majivuno, kwa makusudi ya kuwacheka majemadari. Akamaliza kwa kutaka wapenda vita wote wafungiwe na askari wao wa risasi, watuache sisi wengine tuishi.

Kitabu kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu vita vilipozuka. Hapa simsifu Wells. Mtu yule yule aliyekuwa amehesabu maiti wa risasi sakafuni, akasema vita vikubwa ni ujinga, alishika kalamu mwezi wa Agosti 1914 akawahimiza watu wapigane, akaviita vita hivyo vita vya kukomesha vita. Maneno hayo yakashika, yakawa wimbo wa kila mtu, na baadaye yakawa kichekesho kichungu. Mwaka wa 1916 alizuru sehemu za mapigano katika Ufaransa na Italia, na mwaka wa 1918 alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya serikali ya kuandika maneno ya kuwavunja moyo Wajerumani, kisha akajitoa. Nadhani aliona haya, lakini haya yake ilikuja baada ya wengi kufa.

Na vifaru vyake vikaja. Tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme, Waingereza walitenga vifaru 49, na vingi viliharibika njiani hata kabla ya kumwona adui. Tarehe 20 Novemba 1917, karibu na mji wa Cambrai, walileta zaidi ya 400, na kati yake 378 vilikuwa vya kupigana. Hapa ndipo mchezo wetu ulipopata mahali pake, kwa hiyo nitaeleza kidogo.

Kifaru cha wakati ule, kile cha aina ya nne, kilikuwa na urefu wa mita 8, uzito wa tani 28 hivi, watu 8 ndani, na mwendo usiozidi ule wa mtu atembeaye upesi. Mahandaki ya Wajerumani yalikuwa yamepanuliwa ili kifaru kitumbukie. Waingereza wakafunga matita makubwa ya fito kwa minyororo, kila kifaru kikabeba tita lake juu, kikifika handakini kilidondoshe na kupita juu yake. Vilikwenda vitatu vitatu kwa kusaidiana. Siku hiyo jeshi lilisogea maili tano hivi, mwendo ambao kabla ya hapo ulichukua miezi, na kengele za makanisa zikapigwa Uingereza. Lakini kwenye kilima cha Flesquières askari wa miguu walikuwa wameachwa nyuma, na mizinga ya Wajerumani ikavipiga vifaru kimoja kimoja. Jioni vifaru 179 vilikuwa vimekwisha kazi. Sasa angalieni hesabu hii: vilivyopigwa na mizinga ni 65, vilivyoharibika injini ni 71, vilivyozama mahandakini na matopeni ni 43. Yaani vifaru 114 vilishindwa bila mkono wa adui.

Tulipoanza mchezo wetu sheria tulizichota katika hesabu hiyo. Hatukununua kitu, maana hatuna fedha za kuagiza askari wa risasi. Tena siku hizi yajulikana kwamba risasi ni sumu. Tulichukua kipimo cha moja kwa mia tatu, ambacho wachezaji wa nchi nyingine hukitumia sana kwa vifaru, kwa sababu uwanja mzima waweza kuingia juu ya meza mbili. Kwa kipimo hicho kifaru cha mita 8 kinakuwa kama sentimita 2 na nusu na zaidi kidogo, sawa na kiungo cha kidole gumba. Tunavifinyanga kwa udongo wa bondeni, tunavikausha kivulini visipasuke, tunavipaka masizi yaliyochanganywa na uji mwembamba. Askari wa miguu ni punje za mchele zilizobandikwa tano tano juu ya vipande vya kadibodi. Uwanja ni sanduku la mchanga wenye unyevu. Mahandaki huchorwa kwa kijiko. Seng'enge ni nyuzi za katani. Matita ya fito ni njiti za kiberiti zilizofungwa kwa uzi.

Mzinga wa kamani hatuna, kwa hiyo twatumia dadu. Kila kifaru kabla ya kwenda inchi zake tatu, dadu hurushwa. Ikitoka moja, kimesimama. Hurushwa tena: moja hata nne, injini imekufa, kibaki hapo kilipo mpaka mwisho, tano au sita, kimezama, na chaweza kuvutwa na mwenziwe kwa zamu mbili. Kifaru kisicho na tita hakivuki handaki pana. Mzinga wa Wajerumani ukiwa umekiona kifaru juu ya kilima hukipiga kwa tano au sita, ila kama askari wa miguu wa Kiingereza wamo ndani ya inchi nne za kifaru hicho, basi huhitaji sita peke yake, kwa kuwa bunduki zao zinawasumbua wapiga mzinga. Ajaye kujifunza aanze na vifaru sita, mizinga miwili na handaki moja. Asianze na vifaru vyote. Tumewaona wenye tamaa: wanafinyanga arobaini, wanachoka, hawachezi hata mara moja. Saa tuliichukua kwa Wells kama ilivyo, na ndiyo inayoleta kelele nyingi kuliko sheria zote.

Nimesema wengine walinung'unika. Mmoja ni mwenzetu wa kidato changu, ambaye watu wake ni wa kaskazini, na wazazi wake waliishi miaka katika kambi za waliohamishwa na vita. Alitukuta tunacheka kwa sababu kifaru cha jemadari wetu kilikufa injini mara tatu, akauliza tunacheka nini. Aliyeona bunduki mlangoni, alisema, hawezi kuzipanga mezani. Tulibishana jioni nzima, tena si kwa ukali. Mimi nilileta hoja ya Wells, kwamba mchezo unaonyesha ujinga wa vita. Yeye akajibu kwamba Wells mwenyewe alicheza, na mwaka mmoja baadaye akawapeleka vijana wa wengine vitani kwa kalamu yake. Nilikuwa sijaandika makala hii wakati huo, lakini jibu hilo ndilo lililonifanya nisome maisha ya Wells yote badala ya sheria zake tu, na bado sina la kumjibu.

Jambo moja tulikubaliana sote. Mmoja wetu alikuwa ametaka tuucheze mwezi wa Machi 1979, Watanzania walipopambana na jeshi la Amin na Walibya kule Lukaya, katika njia ya Masaka, maana huko pia vilikuwapo vifaru, na ni karibu nasi. Tulikataa. Kati ya wanafunzi wa zamani wa shule hii wasomao gazeti hili wako walioyasikia makombora yale kwa masikio yao, na wako wajane wa vita hivyo wanaouza sokoni pale tunaponunua ndizi. Cambrai hakuna tena aliye hai aliyepigana. Na yule mwenzetu, ambaye hata leo hachezi, alitaka kitu kimoja, nasi tukakiweka kuwa sheria: mchezo ukiisha, kabla ya kufagia mchanga, mmoja asimame asome hesabu ya kweli. Cambrai, kwa majuma mawili na nusu, kila upande ulipoteza watu zaidi ya 40,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoitwaa Waingereza ilirudishwa na Wajerumani walipowashambulia tangu tarehe 30 Novemba. Yeye ndiye husoma.

Yaliyobaki ya maisha ya Wells ni mengi kuliko nafasi niliyopewa. Baada ya vita alianza kuamini kwamba mataifa hayataacha kupigana ila watu wajifunze historia moja ya wanadamu wote, si kila taifa na yake. Akaiandika mwenyewe, ikatoka mwaka wa 1920, ikauzwa kwa mamilioni. Alionana na Lenin mwaka huo huo, na mwaka wa 1934 akaonana na Roosevelt na Stalin, akitumaini kuwapatanisha kwa maneno. Pamoja na mwanawe George Philip, yule aliyekua akicheza sakafuni, na Julian Huxley, mjukuu wa mwalimu wake wa zamani, aliandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya viumbe. Julian Huxley huyo ndiye aliyezuru Afrika Mashariki mwaka wa 1929 kuangalia mafunzo ya elimu hiyo mashuleni. Na kwa kuwa Wells mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kisukari, mwaka wa 1934 alishirikiana na Daktari R. D. Lawrence kuanzisha chama cha kuwasaidia wenye ugonjwa huo Uingereza. Wapo wasemao kwamba hiyo ndiyo kazi yake iliyowafaa watu wengi zaidi. Mwaka wa 1940 aliandika juu ya haki za binadamu, miaka minane kabla ya Umoja wa Mataifa kutangaza haki hizo.

Vita vya pili vilimkuta London. Nyumba yake ilikuwa kando ya bustani ya Regent's Park, na mabomu yalipoanza kuanguka alikataa kuhama. Mwaka wa 1914, katika hadithi nyingine, alikuwa ameandika habari za bomu litumialo nguvu za atomu, akalipa jina hilo hilo. Mwezi wa Agosti 1945 akasikia habari za Hiroshima. Alikuwa mgonjwa, na maandishi yake ya mwisho yana giza. Hayana tena tumaini lile la zamani. Alikufa tarehe 13 Agosti 1946, akaribia miaka 80. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakatawanywa baharini.

Kitabu cha vita vidogo hakikufa naye. Mwaka wa 1962 Donald Featherstone, aliyekuwa amepigana katika kikosi cha vifaru huko Italia katika vita vya pili, aliandika kitabu kipya cha sheria, akiweka dadu pale Wells alipoweka mzinga wa kamani, na mwaka wa 1973 akaandika kingine cha mapigano ya vifaru peke yake. Sisi tunafuata zaidi njia yake. Yeye ni mtu aliyekuwa amekaa ndani ya kifaru cha kweli, na hata hivyo aliendelea kuvipanga vidogo mezani mpaka uzeeni. Alikufa mwaka wa 2013.

Anayetaka kuanza aje Jumamosi baada ya kufua nguo. Udongo uko bondeni. Dadu tunazo mbili tu.